Barua ya Makka na Vita vya Ndanda: Imani Ilipofanywa Jambo la Upelelezi, 1908–1917

Utangulizi

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi hupita Mtama na Nyangao, kisha hufika Ndanda, penye abasia na hospitali ya Wabenediktini chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde. Leo ni mahali patulivu. Lakini mwezi Novemba 1917 Ndanda, pamoja na Masasi na Newala, palikuwa shabaha ya mipango iliyofanywa mbali sana. Majeshi ya Uingereza yalikuwa yakipanda kutoka Lindi. Wareno walikuwa wakiulinda mto Ruvuma. Na huko Bulgaria, Wajerumani walikirusha chombo kikubwa cha angani, kikapita juu ya nchi ya Waturuki na jangwa la Misri, kikielekea kwenye uwanda huu wa Makonde.

Historia ya vita hivyo imekwisha kuandikwa na wengi, hasa kwa jicho la majemadari. Katika makala hii tunakusudia kuchunguza upande mmoja tu, ambao wachungaji na wanafunzi wa theolojia hawana budi kuufikiri. Mataifa yaliyoshindania nchi yetu yaliifanya imani ya watu kuwa habari ya kupelelezwa. Mwislamu wa Lindi alishukiwa kwa sababu ya msikiti wake, na mwalimu Mkristo wa Masasi alishukiwa kwa sababu ya kanisa lake. Tutaanza na barua iliyozuka Lindi mwaka 1908. Kisha tutautazama wito wa jihadi uliotolewa na Mturuki mwaka 1914 na mashindano yaliyofuata kwa watawala wa Arabuni. Halafu tutarudi Newala na Ndanda, tuone wito huo ulifikia wapi. Mwishoni tutauliza swali linalotuhusu sisi wenyewe: mtumishi wa Injili hutoaje habari za jirani yake?

1. Barua iliyozuka Lindi

Mambo ya mwaka 1908 hayaeleweki bila kukumbuka Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, vikaenea upesi kusini. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na wenzake wakiwa njiani kuelekea Liwale. Misheni za Nyangao na Lukuledi ziliharibiwa. Masasi nako, ambako Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, aliwaweka watumwa walioachwa huru mwaka 1876, majengo ya misheni yalichomwa moto. Wajerumani walijibu kwa kuteketeza vijiji na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Misheni ya Ndanda yenyewe ilianzishwa mwaka 1906, katika nchi iliyokuwa bado inazika wafu wake.

Katika hali hiyo ya majonzi kwa wenyeji na hofu kwa watawala, mwaka 1908 ilizuka Lindi barua iliyosemekana kutoka Makka. Ilidai kuwa mwandishi wake ni Sheikh Ahmad, mtunzaji wa kaburi la Mtume, na kwamba Mtume mwenyewe alimtokea katika ndoto. Iliwaonya Waislamu kwamba siku za mwisho zimekaribia, ikawasihi watubu na kushika sala, na kila aliyeipokea aliagizwa ainakili na kuipeleka mbele. Ikaenda kutoka mkono hata mkono, kutoka mji hata mji, na watu wakajaa misikitini.

Maafisa wa Kijerumani waliisoma kwa macho ya mwaka 1905. Kwao barua hii ilikuwa amri ya siri ya vita. Watu walihojiwa na kukamatwa. Wengine walimshuku Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, ambaye zamani alikuwa na nguvu huko Ujiji, na ambaye sasa aliishi Unguja akiwa amenyang'anywa nguvu zake. Wengine waliona mkono wa Sultani Abdulhamid wa Pili wa Uturuki, aliyejitangaza kuwa mlinzi wa Waislamu wote duniani.

Mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Carl Heinrich Becker, aliichunguza barua hiyo kwa utulivu zaidi. Ilidhihirika kwamba barua ya namna hiyo haikuwa mpya. Mtaalamu wa Kiholanzi, Christiaan Snouck Hurgronje, alikuwa ameiandikia habari zake katika miaka ya 1880, ilipozunguka kwa Waislamu wa visiwa vilivyotawaliwa na Uholanzi huko Asia. Yaani, kile kilichodhaniwa kuwa amri ya vita kwa Lindi kilikuwa waraka wa toba uliozunguka dunia kwa miaka mingi, na kila mahali ulipofika watu waliusoma kwa kadiri ya mateso yao.

Tusikosee hapa. Hatusemi kwamba barua ile haikuwa na uzito wowote wa kisiasa. Kwa watu waliozika ndugu zao mwaka 1906 na 1907, habari kwamba dunia hii itakwisha na Mungu atahukumu haikuwa habari ndogo. Sisi tusomao Ufunuo wa Yohana tunapaswa kulielewa jambo hilo kuliko wengine. Lakini tumaini la waliodhulumiwa ni kitu kimoja, na njama ya vita ni kitu kingine. Mpelelezi wa serikali hakuwa na kipimo cha kutofautisha hayo mawili.

Je, wamisionari walikuwa na kipimo? Mwaka 1910, katika mkutano mkuu wa mambo ya makoloni uliofanyika Berlin, Karl Axenfeld wa Misheni ya Berlin, ambayo ni mmojawapo wa mama zetu katika imani, alionya kwamba kuenea kwa Uislamu Afrika ni hatari, hata kwa dola yenyewe. Becker alimpinga. Mwaka 1912 Martin Klamroth, mmisionari wa misheni hiyohiyo aliyekuwa Dar es Salaam, alichapisha kitabu juu ya Uislamu katika koloni hili. Ni kazi ya mtu aliyeijua lugha na watu, na tunamheshimu kwa hilo. Hata hivyo, maandishi ya namna hiyo yaliingia katika majalada ya serikali. Na mwezi Oktoba 1913 serikali ya Gavana Heinrich Schnee iliwatumia maafisa wa wilaya maswali juu ya Uislamu: umeenea kiasi gani, nani wanaueneza, na njia gani zingefaa kuuzuia. Maswali hayo tutayakuta tena mbele.

2. Khalifa aliyegeuka rafiki

Mwaka mmoja tu baadaye mambo yaligeuka. Vita Kuu ilianza Agosti 1914. Uturuki ikajiunga na Ujerumani, na katikati ya mwezi Novemba 1914, huko Istanbul, ikatangazwa jihadi kwa jina la Sultani Mehmed wa Tano, khalifa. Waislamu waliokuwa chini ya Uingereza, Ufaransa na Urusi waliitwa wainuke dhidi ya watawala wao.

Wito huo ulikuwa na washauri wa Kijerumani nyuma yake. Max von Oppenheim, mjuzi wa nchi za Waarabu aliyekaa Kairo miaka mingi, aliishauri serikali yake itumie jihadi kama silaha, na ofisi maalumu ya habari za Mashariki ikafunguliwa Berlin. Jihadi iliyotangazwa ilibidi iwe na mipaka ya ajabu: ilikuwa halali kupigana na Mkristo Mwingereza, lakini Mkristo Mjerumani alikuwa rafiki wa Uislamu.

Hapa Afrika Mashariki ya Kijerumani, serikali ileile iliyowakamata watu kwa ajili ya barua ya Makka sasa iliwahubiria Waislamu kwamba khalifa yu upande wa Kaiser. Bila shaka wazee wa Lindi walilitambua jambo hilo. Mwaka 1908 kumtii khalifa kulikuwa dalili ya uasi, na mwaka 1914 kukawa dalili ya uaminifu. Msikiti ulikuwa uleule, na sala zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni hesabu ya dola.

Waingereza nao walitafuta sauti ya Kiislamu ya kuujibu wito huo. Waliipata Unguja kwa Sultani Khalifa bin Harub, ambaye alishikamana nao na kuwataka watu wake wasiufuate. Hivyo katika pwani moja jina la dini moja liliitwa na pande mbili zinazopigana.

3. Watawala wa Arabuni na nyaraka za Moshi

Ili kuona jinsi koloni letu lilivyounganishwa na mambo ya Waturuki, lazima tuvuke bahari. Bara Arabu lilikuwa limegawanyika kwa watawala wengi. Imamu Yahya wa Yemen alibaki upande wa Waturuki. Al-Idrisi wa Asir alifanya mapatano na Waingereza mwaka 1915, na Ibn Saud wa Najd akafanya vivyo hivyo mwezi Desemba mwaka huohuo. Ibn Rashid wa Hail, adui wa Ibn Saud, alikuwa na Waturuki. Mwezi Julai 1915 Waturuki walishuka kutoka Yemen wakaiteka Lahj, karibu kabisa na Aden, bandari ya Waingereza. Tuzo kubwa kuliko zote ilikuwa Makka yenyewe, chini ya Sharifu Hussein. Baada ya kuandikiana barua kwa muda mrefu na wakuu wa Uingereza huko Misri, sharifu huyo aliasi dhidi ya Waturuki mwezi Juni 1916. Wakati huohuo Waingereza na Wafaransa walikuwa wamekwisha kupatana kwa siri, mwezi Mei 1916, jinsi watakavyogawana nchi ambazo Waarabu walidhani zitakuwa zao.

Katika Kairo, Waingereza walifungua mwaka 1916 ofisi iliyoitwa Idara ya Kiarabu, kazi yake kukusanya habari za watawala hao na kuwavuta. Na hapa ndipo nchi yetu inapoingia. Mwezi Machi 1916 majeshi ya Uingereza yaliiteka Moshi. Katika majalada ya Wajerumani yaliyoachwa huko walikuta maswali yale ya Oktoba 1913 juu ya kuuzuia Uislamu, ambamo hata ufugaji wa nguruwe ulitajwa miongoni mwa njia zinazoweza kusaidia. Waingereza hawakuyafungia kabatini. Waliyatangaza kwa Waislamu, wapate kuona ni rafiki wa namna gani aliyekuwa akijigamba kuwa mlinzi wa khalifa.

Wasomaji wetu wa Kaskazini watatambua kwamba Moshi ilikuwa kitovu cha kazi ya Misheni ya Leipzig. Waraka wa serikali ulioandikwa wakati kanisa likikua, na kwa fikra ambazo baadhi ya wamisionari walisaidia kuzieneza, ukawa silaha katika vita vya Arabuni. Waliouandika hawakukusudia hivyo. Hata hivyo tunajifunza hapa kwamba habari ikishaandikwa juu ya jirani, mwandishi hana tena uwezo juu ya mahali itakapofika.

4. Newala, Mahiwa na Ndanda

Sasa turudi kusini. Katikati ya Machi 1916 meli ya Kijerumani iitwayo Marie ilipenya ulinzi wa Waingereza, ikaingia ghuba ya Sudi kusini mwa Lindi na shehena ya silaha na dawa. Mizigo hiyo ilichukuliwa vichwani na wapagazi kupelekwa bara. Mwezi huohuo Ujerumani ilitangaza vita na Ureno. Wareno wakaichukua Kionga mwezi Aprili, wakavuka Ruvuma mwezi Septemba chini ya Jenerali Ferreira Gil, na mwezi Oktoba 1916 wakaingia Newala. Waingereza nao walikuwa wamekwisha kushuka Lindi mwezi Septemba.

Kila mwenyeji wa Newala angeweza kuwaambia Wareno jambo ambalo wapelelezi wao hawakulizingatia: juu ya uwanda wa Makonde mwenye maji ndiye mwenye mji. Wajerumani chini ya Looff, yule nahodha wa manowari Königsberg iliyozama Rufiji, walikishika chanzo cha maji bondeni, wakaizingira boma. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Novemba 1916 Wareno walikuwa wamekwisha kuiacha Newala na kurudi Ruvuma, wakiacha mizinga na mizigo yao.

Mwaka uliofuata vita vikawa vikali zaidi. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, huko Mahiwa karibu na Nyangao, Paul von Lettow-Vorbeck alipambana na jeshi la Waingereza. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700 kati ya 4,900, na Wajerumani zaidi ya 500. Ni vema tutulie kidogo kwenye uwanja huo na kuuliza walikuwa nani waliopigana. Upande wa Waingereza kilikuwapo Kikosi cha Nigeria, ambamo wengi walikuwa Waislamu wa Kihausa. Upande wa Wajerumani walikuwapo askari Waislamu wengi, wengine wenye asili ya Sudani. Kikosi kimoja cha Wabaluchi, cha namba 130, kilikuwa kimeasi mapema mwaka 1915 huko Burma kwa kuhofia kupelekwa kupigana na Waturuki, na baadaye kililetwa Afrika Mashariki. Jihadi ya Istanbul haikuwafanya Waislamu wa Mahiwa wawe jeshi moja. Wala ubatizo haukuwafanya Wakristo wa Ujerumani, Uingereza na Ureno wawe ndugu. Walisali kwa Mungu mmoja wakauana kandokando ya misheni zao wenyewe.

Tarehe 10 Novemba 1917 Waingereza waliiteka Ndanda, ambayo ilikuwa imegeuzwa kuwa hospitali kubwa ya Wajerumani. Siku chache baadaye Chiwata ikaanguka. Lettow-Vorbeck akawaacha wagonjwa na majeruhi wake, akapita Newala, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma huko Ngomano na kuwashinda Wareno waliokuwa wakimngoja. Siku tatu baadaye mwenzake, Tafel, aliyekosa kuungana naye, alisalimu amri.

5. Chombo cha angani na habari za uongo

Wakati huohuo kile chombo cha angani, L 59, kilikuwa safarini. Kiliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 chini ya Ludwig Bockholt, kikiwa na tani zipatazo 15 za risasi, dawa na vifaa vingine. Kilipita juu ya nchi ya Waturuki, kikavuka bahari na kuingia Afrika. Kilikusudiwa kutua juu ya uwanda wa Makonde na kutorudi tena: ngozi yake ingekuwa mahema na mavazi. Lakini usiku wa tarehe 23, kikiwa magharibi ya Khartoum, kilipokea kwa simu ya upepo amri ya kurudi, kwa kuwa uwanda ulikuwa karibu kupotea wote. Kikageuka, kikatua Jamboli tarehe 25 baada ya safari ya kilomita 6,757 kwa muda wa saa 95.

Masimulizi ya baadaye yalidai kwamba amri ile ilikuwa hila ya wapelelezi wa Kiingereza. Wanahistoria wengi wanakubali kuwa ilitoka kwa Wajerumani wenyewe. Aliyejitwalia sifa nyingi katika hadithi za upelelezi wa vita hivi ni Richard Meinertzhagen, mkuu wa upelelezi wa Waingereza katika Afrika Mashariki hadi mwaka 1916. Wakala wake waliokota karatasi zilizotupwa katika vyoo vya Wajerumani, kwa maana maafisa walitumia barua na amri za zamani huko chooni. Baadaye alihamishiwa Palestina kwenye vita dhidi ya Waturuki, na alijisifu kwamba mwezi Oktoba 1917, wiki ileile ya kukaribia Mahiwa, aliuangusha mkoba wenye hati za uongo mbele ya Waturuki ili kuwadanganya kabla ya shambulio la Beersheba. Wachunguzi wa karibuni, miongoni mwao Brian Garfield katika kitabu cha mwaka 2007, wameonyesha kuwa mengi aliyoyaandika juu yake mwenyewe hayaaminiki. Tunataja jambo hili kwa kusudi. Mtu ambaye kazi yake ni kuwadanganya adui hujizoeza kudanganya, na mwishowe hata shajara yake haiwezi kusadikiwa.

6. Walimu wa Masasi

Yako mashaka mengine ambayo hayakuandikiwa hadithi za ujasiri. UMCA ilikuwa misheni ya Waingereza katika koloni la Wajerumani. Vita vilipoanza, wamisionari wake wazungu walikamatwa, na hatimaye wengi walikusanywa Tabora mpaka Wabelgiji walipouteka mji huo mwezi Septemba 1916. Mapadre na walimu Waafrika walishukiwa kuwa macho na masikio ya Waingereza. Wengi wao katika maeneo mbalimbali walifungwa, walipigwa, au walitwishwa mizigo ya jeshi. Kosa lao lilikuwa kusali kwa kitabu kilichotoka London.

Upande wa Masasi kanisa lilibaki mikononi mwa Waafrika hao. Walibatiza, walizika, na walifundisha wakati nchi ikiliwa na majeshi matatu. Naye Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza kikosi cha wapagazi kwa ajili ya Waingereza mwaka 1916, kisha akaandika kwa ukali juu ya ukatili wa Wajerumani. Wapagazi wenyewe, ambao imani zao hazikuwahi kuulizwa na mpelelezi yeyote, walikufa kwa wingi usio na kifani: upande wa Waingereza peke yake makadirio ya wanahistoria yanakaribia laki moja.

Kisha gurudumu likageuka. Waingereza waliposhinda, wamisionari wa Kijerumani ndio waliokuwa washukiwa. Wabenediktini wa Ndanda waliondolewa kwenye kazi yao, na kufikia mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig na wa Berlin nao walifukuzwa nchini. Makanisa yetu ya Kilutheri yakalindwa na walimu Waafrika, kama ndugu zao wa Masasi walivyofanya miaka michache kabla. Aliyekuwa akishuku alishukiwa, na chini ya wote wawili yupo mwalimu wa kijijini aliyeendelea kupiga kengele ya ibada.

7. Tafakari: amri ya nane

Katekismo Ndogo, ambayo kila mmoja wetu aliikariri kabla ya kipaimara, inatufundisha kwamba amri ya nane haikatazi uongo wa mahakamani tu. Martin Luther alitaka tumtetee jirani, tumnenee mema, na tuyatafsiri mambo yake yote kwa upande ulio bora. Tukiipima historia hii kwa kipimo hicho, tunaona kwamba upelelezi wa imani ulifanya kinyume chake. Ulichukua ndoto ya Sheikh Ahmad ukaitafsiri kwa upande ulio mbaya. Ulichukua kitabu cha sala cha mwalimu wa Masasi ukakisoma kama hati ya jeshi.

Maandiko yanajua habari za wapelelezi. Katika Hesabu 13 watu kumi na wawili waliiona nchi moja, wakaleta taarifa mbili. Kilichowatenganisha hakikuwa macho yao, kwa maana wote waliona miji ileile na watu walewale. Walitenganishwa na hofu na imani. Naye Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 20, aliwekewa wapelelezi waliojifanya watu wa haki, wakamuuliza juu ya kodi ya Kaisari ili wapate neno la kumshtaki. Kwa hiyo Kanisa linapomtazama mtu anayeshukiwa kwa ajili ya imani yake, linamtazama mtu aliyesimama pale aliposimama Kristo.

Maneno haya hayahusu watu wa kale peke yao. Tangu Oktoba 2017 ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, watu wamechinjwa na vijiji vimechomwa na watu wanaotaja jina la dini. Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilishambuliwa. Serikali inao wajibu wa kuwalinda raia, nasi hatuna ruhusa ya kumficha muuaji. Mchungaji ajuaye kwamba damu itamwagika na akanyamaza amevunja amri ya tano. Lakini kusema ulichokiona ni jambo moja, na kupeleka orodha ya majirani kwa sababu ya kanzu, madrasa au lafudhi ya kigeni ni jambo jingine. La kwanza ni ushuhuda. La pili ndilo lililofanyika Lindi mwaka 1908.

Tunawashauri basi ndugu zetu walio parokiani kusini, na wanafunzi watakaotumwa huko, wafanye mambo mawili. Kwanza, wamfahamu sheikh wa kijiji kabla ya siku ya mashaka kufika, wakae naye msibani na arusini, ili uvumi ukija wapate mahali pa kuuliza. Pili, kabla ya kuandika au kusema lolote juu ya imani ya mwingine, wajiulize kama wangelisema akiwa amekaa mbele yao.

Ndanda ya leo ina hospitali inayompokea mgonjwa bila kumuuliza kama anatoka msikitini au kanisani. Katika Novemba 1917 majumba ya misheni hiyo yalijaa majeruhi wa imani zote, ambao watawala wao walikuwa wamewahesabu kama silaha. Wauguzi waliwahesabu kama watu. Kwa nchi hii, hesabu yao ndiyo iliyokuwa sahihi.